Kutoka Jiwe la Msingi hadi Juu ya Mawe

Katika nchi yetu kitu cha umma huzaliwa kwa ngoma na kufa kimya kimya. Siku ya kuzaliwa kwake kuna utepe, mkasi juu ya sinia, kwaya, mgeni rasmi, na jiwe la msingi lenye jina la mgeni huyo kwa herufi zinazoshinda jina la mradi wenyewe. Siku ya kufa kwake hakuna anayealikwa. Pita nyuma ya ofisi nyingi za wilaya utaliona gari lenye namba za STK au SM, au lile la mradi wa wafadhili lenye namba za DFP, limeegeshwa chini ya mwembe, magurudumu yameng'olewa, nyasi zimepenya sakafuni. Watu wetu, wasioshindwa kuyapa mambo majina yake, husema gari hilo "lipo juu ya mawe". Hiyo ndiyo safari ya mali zetu nyingi: huanzia kwenye jiwe la msingi na kuishia juu ya mawe.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeligeuza onyo hilo kuwa mpango kazi. Ufa hatuuzibi kwa sababu ufa hauna zabuni, ukuta unayo. Ufa hauna posho ya safari wala kamati ya manunuzi wala picha ya gazetini. Ndiyo maana mtumishi aliyeokoa mashine kwa kuipaka grisi kila mwezi hatajwi popote, na yule aliyeagiza mashine mpya baada ya ile ya kwanza kufa kwa kukosa grisi hupewa cheti cha utumishi bora.

Leo nataka kuzungumzia gari moja ambalo kwa kanuni zote lilipaswa kuwa juu ya mawe, na haliko huko. Ni pikapu ya Land Rover aina ya Series III, ile tuliyozoea kuiita 109, kwa sababu umbali kati ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Ilitengenezwa mwaka 1974. Ni mali ya baba yangu mdogo, na kwa miezi kumi na minne mimi na ndugu zangu tulichanga fedha kuikarabati. Wasomaji wa makala zangu wamezoea bajeti, uchaguzi na katiba, na huenda wakashangaa kukuta habari za springi na giaboksi. Lakini pikapu hii imeishi ndani ya siasa za nchi hii kwa nusu karne. Imezimikiwa na taasisi tatu zilizoimiliki, na yenyewe bado inapanda mlima.

Tuanze na asili yake. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma, na nchini humo chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey na alikuwa akitumia Jeep iliyobaki vitani. Alitaka gari la kuchukua nafasi yake, la mkulima, litakalolima, litakalovuta na kubeba. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba, bodi ikatengenezwa kwa alumini, sehemu kubwa ikiwa mabati bapa yasiyohitaji mashine kubwa kuyakunja. Chasisi peke yake, pamoja na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, ndivyo vilivyobaki kuwa vya chuma. Rangi ya kijani hafifu ya magari ya mwanzo ilitokana na akiba ya rangi za kijeshi zilizobaki baada ya vita.

Yaani gari tunalolisifia uimara lilibuniwa katika uhaba. Na uhaba huo ndio uliolipa sifa yake kubwa, ambayo, kwa maoni yangu, haikuwa uimara. Anayelijua atakwambia kwamba 109 huvuja mafuta, huvuja mvua, hutikisa mifupa, na usukani wake huhitaji mabega ya mpagazi. Sifa yake ni kwamba hutengenezeka. Bodi imefungwa kwa bolti na riveti, kwa hiyo tope la bawa likipondeka hulazimiki kugusa mlango. Betri ikifa, kuna hendeli. Kijana mwenye spana chache na akili timamu anaweza kulifungua kando ya barabara akaelewa anachokiona. Gari hili lilikuja kwetu na mkoloni, likambeba bwana shauri na polisi wake. Kisha TANU nayo ikalitumia katika ziara za kudai uhuru. Halikuwa na itikadi. Lilimtumikia yeyote aliyejua kulifungua.

Pikapu yetu ilinunuliwa mpya na chama kikuu cha ushirika cha wilaya moja ya kahawa kusini mwa nchi. Tuseme wazi ni nani aliyelipa. Kila mkulima aliyepeleka kahawa yake kwenye mzani alikatwa sehemu ya bei ya kila kilo, na makato hayo ndiyo yaliyonunua magari, yaliyojenga maghala na karakana. Baba mdogo aliingia ndani ya gari hilo akiwa utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, akarithi usukani dereva wa kwanza alipostaafu.

Mwezi Mei 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikaenda kwa mamlaka za mazao. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Gari liliamka asubuhi likiwa la mamlaka. Jina jipya likapakwa mlangoni juu ya jina la zamani. Miaka sita baadaye, kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982, vyama vikaruhusiwa kufufuliwa. Chama kikuu cha wilaya yetu kikarudi, na mlango ukapakwa rangi mara ya tatu. Kisha msimu wa 1994/95 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Chama kilichokuwa tayari na madeni na uongozi mbovu hakikuweza kushindana na mnunuzi anayelipa taslimu. Kabla ya muongo kwisha mali zake zilipigwa mnada. Baba mdogo, ambaye chama kilikufa kikiwa na mishahara yake, alikopa kwa shemeji yake akanunua gari alilokuwa analiendesha. Wakulima ambao makato yao yalilinunua hawakupata hata barua.

Swali ambalo mwanafunzi wa taasisi hawezi kulikwepa ni hili: kwa nini gari lilivishinda vyombo vilivyolimiliki? Jibu lipo katika madaftari saba yenye majalada magumu ambayo baba mdogo aliyahifadhi katika sanduku la bati. Tangu siku ya kwanza ya kushika usukani aliandika kila safari, kila lita ya mafuta, kila siku aliyobadili oili, kila springi iliyovunjika na mahali ilipovunjikia. Mamlaka ilipoingia, daftari liliendelea. Chama kiliporudi, daftari liliendelea. Viongozi walibadilika, nembo ikabadilika, sera ikageuka kutoka ujamaa kwenda soko; mkono ulioandika "grisi, viungo vyote" ulikuwa uleule. Nyuma ya mkono huo kulikuwa na karakana ya chama yenye mafundi walioajiriwa, stoo ya spea na shimo la kukagulia magari. Karakana ilipokufa na chama, gari lilianza kufa pia, ila polepole, kwa kuwa daftari lilikuwa bado hai.

Tulipoamua kulikarabati tulilipeleka Makambako, kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi akiwa kijana wa kuosha vyuma katika karakana hiyohiyo ya chama. Hana cheti hata kimoja. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, akalala chini yake, akagonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma akisikiliza. Alipotoka alimsalimu baba mdogo upya, kama mtu aliyetoka kumwona mgonjwa wao wote wawili, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, gari halifi kwa ajali. Gari linakufa kwa 'tutaangalia wiki ijayo'."

Alumini haishiki kutu kama chuma, na hapo ndipo 109 inapodanganya watu. Ukiitazama kwa nje inang'aa ilhali chasisi inaoza kutoka ndani, kwa sababu matope na maji huingia katika mihimili yake yenye uwazi na kukaa humo. Pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini nayo huliwa. Yetu ilikuwa na viraka juu ya viraka. Fundi alivihesabu akivibandua: kiraka cha miaka ya themanini kilichochomelewa vizuri, juu yake kiraka chembamba cha bati la debe, juu yake kingine kilichoshikiliwa na pati na rangi tu. Cha mwisho ndicho kilichopendeza kuliko vyote.

Nilimuuliza kama hawezi kuongeza kimoja tu, tuokoe fedha. Akaniambia huwezi kuchomelea kutu. Moto unahitaji chuma kizima cha kushika. Kwa hiyo alikata. Alikata hadi nikaogopa, hadi pikapu ya familia ikawa mifupa miwili mirefu juu ya mapipa, ndipo alipofika kwenye chuma kilicholia safi kwa nyundo. Kutoka hapo alianza kujenga. Nilielewa siku ile tofauti ya maneno mawili tunayoyachanganya kila siku maofisini. Kiraka huficha; ukarabati hufichua kwanza. Anayeogopa kuona kilichooza hawezi kukarabati. Anaweza kupaka rangi tu.

Msomaji wangu wa kawaida ameshanusa ninakoelekea, na sitamnyima. Katiba yetu ya mwaka 1977 imefanyiwa mabadiliko mara kumi na nne. Kuna yaliyokuwa kazi njema ya kuchomelea, kama kuingizwa kwa Haki za Binadamu mwaka 1984 na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Lakini tulipojaribu kuibandua yote tuone chuma kizima kiko wapi, kuanzia Tume ya Mabadiliko ya Katiba mwaka 2012 hadi Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, na mifupa imebaki juu ya mapipa hadi leo. Sidai kwamba taifa ni gari. Nadai tu kwamba mjadala wetu umejaa watu wanaobishania rangi, na umepungukiwa na wenye nyundo ndogo.

Turudi gereji, kwa sababu ugomvi wa kweli ulianza chasisi ilipokwisha. Ukarabati una swali lisiloepukika: unalirudisha gari lilivyokuwa, au unalifanya liwe lile linalohitajika sasa? Methali zetu zenyewe zimegawanyika. Moja inasema ya kale ni dhahabu. Nyingine inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Familia yetu iligawanyika vivyo hivyo. Mpwa wangu mmoja, kijana wa mjini, alitaka matairi mapana, taa nane na rangi nyeusi isiyong'aa. Mfanyabiashara mmoja aliyepata habari za gari hilo aliahidi kulinunua kwa bei nzuri, kwa sharti kwamba kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, hadi nati. Alikusudia kuliweka kwenye bustani ya hoteli yake, watalii wapigie picha. Baba mdogo aliwasikiliza wote, akasema: "Mimi nataka libebe."

Kauli hiyo ndiyo iliyotuongoza. Injini yake ya awali, ya petroli ya lita 2.25, ilikuwa imechoka na ilikuwa inakunywa kuliko uwezo wa mkulima. Badala yake tuliweka injini ya dizeli ya lita 2.5 inayoitwa 300Tdi, iliyoanza kutumika katika magari ya kampuni hiyohiyo mwaka 1994. Fundi aliichagua kwa sababu mbili: ina nguvu zaidi kwa mafuta machache zaidi, na haina kompyuta. Breki za mbele tulizifanya za diski. Vitambaa vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo leo tunajua husababisha saratani, na hakuna heshima ya historia inayodai tuivute tena mapafuni. Tuliongeza mikanda mitatu mbele. Nyuma, ubavuni, fundi alichomelea benchi la kukunjwa na reli mbili za kufungia machela, kwa kuwa kutoka kijijini kwetu hadi kituo cha afya kuna kona nyingi na mvua ndefu, na akina mama wajawazito wamekuwa wakishuka mlima huo kwenye pikipiki. Mwaka 1974 hakuna aliyeliwazia gari hilo machela. Kadi ya gari sasa ina namba mpya ya injini. Namba ya chasisi ni ileile.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Sheria inaruhusu ubadili moyo wa gari, lakini utambulisho wake umeuweka katika uti wa mgongo. Wanaotaka kurudisha ushirika "kama ule wa zamani" wangefaa kulifikiria. Ushirika wa zamani ulikuwa na asbesto yake. Ulichelewesha malipo ya wakulima na kuwapa hati badala ya fedha. Ulikuwa na makarani wa mizani wenye vidole vizito. Uliweza kufutwa kwa tamko moja kwa sababu ulikuwa umeshaegemea dola kuliko wanachama. Anayetaka kuurudisha na kila nati yake anataka kitu cha bustani ya hoteli. Chuma kizima cha kushikia ni kimoja: mkulima kumiliki kwa pamoja kile alichokilipia, na kuwa na mahali pa kuuliza kilikokwenda. Vingine vyote vinaweza kubadilishwa, na vingi lazima vibadilishwe.

Kulikuwa bado na suala la mlango. Walipoukwangua rangi upande wa kushoto, vijana wa gereji walikuta maandishi ya tabaka tatu: juu kabisa jina la chama kilichofufuliwa, chini yake kifupisho cha mamlaka ya zao, na chini ya yote, kwa herufi nyeupe zilizochorwa kwa mkono, jina la chama cha kwanza. Mfanyabiashara yule angetaka tabaka la chini peke yake, kwa kuwa ndilo la asili. Mpwa wangu angetaka tufute yote. Baba mdogo alisema mlango usipakwe. Fundi aliusugua taratibu hadi majina yote matatu yakaonekana, moja likipenya ndani ya jingine, akaupaka vanishi isiyo na rangi ili isiendelee kumomonyoka. Ni mlango wenye madoa, na katika gari lililong'arishwa unaonekana kama kosa.

Gari liliporudi kijijini, bibi mmoja aliyepita miaka themanini, mkulima wa kahawa tangu ujana wake, alisimama mbele ya mlango huo. Nilimwamkia, akaitikia bila kuuondolea macho. Baadaye akasema: "Kahawa yangu ilikwenda hapa." Nikamuuliza kwa heshima kama anasifu au analaumu. Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto, akajibu: "Yote mawili, mwanangu. Nani mwingine ana haki ya yote mawili?"

Siwezi kuandika kuhusu mali ya umma kwa ufasaha kuliko hapo. Aliyelipia ndiye mwenye haki ya kusifu na kulaumu, na haki hiyo haiishi mnada unapokwisha. Tangu siku hiyo gari hubeba wagonjwa wa kijiji bila nauli. Baba mdogo hakulitangaza hilo kama msaada. Aliliandika kwenye daftari, chini ya safu ya madeni.

Mwenzangu wa idara ya uchumi aliponisikia nikisimulia haya aliniuliza gharama. Nilimtajia, naye akanionyesha kwamba kwa fedha hizo tungepata pikapu ya mtumba kutoka Japani, ya miaka ya karibuni, na chenji ikabaki. Hesabu yake ni sahihi. Lakini ina safu moja pungufu. Fedha za pikapu ya mtumba zingevuka bahari siku hiyohiyo. Za kwetu zililipa miezi kumi na minne ya kazi ya fundi mmoja mzee na vijana wanne, na vijana hao sasa wanajua kugonga chasisi na kusikiliza. Pia sidai kwamba kila kikuukuu kikarabatiwe. Fundi wetu alitupa vyuma vingi kuliko alivyookoa. Kujua cha kutupa ni nusu ya ujuzi wake. Wala siombi Serikali itembelee magari ya mwaka 1974. Ninachouliza ni kwa nini gari la umma la miaka minane liko juu ya mawe ilhali hili la miaka hamsini linapanda mlima.

Tusijifanye kwamba hatujui dawa, maana tumewahi kuinywa. Barabara zetu zilipooza kwa kukosa matengenezo, nchi ilifika mahali ikakubali kwamba matengenezo hayawezi kusubiri makombo ya bajeti. Mwaka 1998 ukaanzishwa kwa sheria Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo ya mafuta, na sehemu kubwa ya fedha zake ikafungwa kwa ajili ya matengenezo. Mfuko huo una mapungufu yake, lakini wazo lake ni sahihi na la ujasiri: kitu kikishajengwa, fedha ya kukitunza iwe na jina lake, chanzo chake na ulinzi wa sheria. Mbona wazo hilo liliishia barabarani? Pampu ya maji ya kijiji ina mfuko gani? Mashine ya eksirei ya hospitali ya wilaya? Maabara ya shule ya kata?

Kuna pia suala la kuruhusiwa kufungua. Magari ya viongozi tunayoyaita mashangingi, na siku hizi matrekta, pampu na mashine za hospitali, huja yakiwa na kompyuta ambazo fundi wa Makambako haruhusiwi kuzizungumzisha. Hili si tatizo la maskini peke yao. Wakulima wa Marekani wamepigania haki ya kutengeneza matrekta waliyoyanunua wenyewe, na mwaka 2023 jimbo la Colorado likapitisha sheria inayowalazimisha watengenezaji kuwapa wakulima vifaa, miongozo na programu za kufanyia matengenezo. Sisi tunaponunua mashine kwa mabilioni ya kodi, je, mikataba yetu inadai hayo? Mwaka 1948 uhaba ulizaa gari linalofunguka. Leo mataifa yenye uhaba zaidi ndiyo yanayonunua vitu vilivyofungwa zaidi, na kulipa nauli ya mtaalamu kutoka ng'ambo aje na funguo.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya, ombi langu ni dogo: katika andiko lijalo la mradi, weka ukurasa unaosema nani atatunza, kwa fedha ipi, kwa miaka mingapi, na ujuzi huo utabaki kwa nani mradi ukiisha. Kwa mwanaharakati, naomba asiishie kuhesabu fedha zilizoibwa wakati wa kununua. Ahesabu pia thamani inayomwagika kwa kutotunza, kwani huko hakuna mwizi wa kukamatwa, na hasara yake huenda ni kubwa zaidi. Kwa mwanafunzi, hasa wa uhandisi, nasema hivi: wazee waliojifunza katika karakana za ushirika, za reli na za mashirika ya umma wanaondoka mmoja mmoja. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, lakini cheti hakitahifadhi kile ambacho sikio la fundi husikia nyundo inapogonga chuma. Hilo hujifunzwa kwa kulala chini ya gari pamoja naye.

Tutaendelea kuzindua, na si vibaya. Nchi inayojengwa lazima izindue. Lakini kila tunapoalikwa kushangilia kilicho kipya, tuwe na adabu ya kuuliza swali ambalo mgeni rasmi hajaandikiwa jibu lake: daftari la kitu hiki liko kwa nani, na nani amepewa spana?